Jiwe Linalolia

1

Siku ya kufunguliwa kwa kisima cha Lubwe, Subilaga Mwakatobe hakutulia hata akikalishwa. Alikuwa na miaka arobaini na minne, mjiolojia mwenye sifa nchi nzima, lakini asubuhi hiyo alipanda na kushuka mlima kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, akisalimia hata watu aliokwisha kuwasalimia. Juu ukingoni mapangaboi ishirini, kila moja kubwa kuliko nyumba, yalizunguka yakinyonya hewa na kuchuja hewaukaa. Matangi yalikuwa yamejaa. Saa nane mchana mgeni rasmi angebonyeza kitufe, koki ingefunguka, na hewaukaa iliyochanganywa na maji ingesukumwa mita mia saba ardhini, ndani ya mwamba mweusi wa basalti, ikae humo miaka miwili mpaka igeuke jiwe jeupe. Hewa kugeuka jiwe! Subilaga alikuwa amelisema jambo hilo kwenye mikutano mpaka watoto wake wakamwigiza mezani, na bado lilimsisimua kila lilipomtoka mdomoni.

Visima arobaini na kimoja vilikuwa vinafanya kazi tayari katika milima ya Rungwe, na vyote vilichaguliwa na Msomaji. Huyo Msomaji hakuwa mtu. Ulielekeza kishikwambi kwenye jiwe, mwanga mwembamba ukalipapasa, na kabla hujapepesa macho sauti ilikutajia jina la jiwe pamoja na madini yaliyomo. Maabara ilihitaji siku kumi na moja kwa kazi hiyo hiyo. Subilaga ndiye aliyemfundisha Msomaji, jiwe kwa jiwe, miaka tisa iliyopita, na tangu hapo hakuna mjiolojia aliyetembea na nyundo. Ya kwake aliitundika ukutani sebuleni ili wageni waione.

Chini ya kisima, nyumba sitini za Lubwe zilikaa ndani ya kreta ya zamani, bonde la mviringo lililojaa migomba hadi kwenye kingo. Katika ua mmoja wanawake wanne walikuwa wanasaga kimea cha ulezi kwa ajili ya harusi ya Jumamosi. Mashine ya umeme ya kusagia ilikuwepo kila nyumba, lakini kimea cha pombe ya harusi huku hakipelekwi mashineni. Ukikipeleka, wakwe wataonja, watatazamana, kisha watanyamaza, na ukimya wa wakwe ni deni litakalomfuata bibi harusi mpaka azae.

Subilaga aliingia uani, akasema mugonile, akaitikiwa. Aliona haraka kwamba wanawake walikuwa wanne na mawe ya kusagia matatu, na kwa jinsi moyo wake ulivyokuwa umefurika siku hiyo, hakuweza kuliacha jambo hilo lipite. Alipanda tena kisimani, kwenye rundo la mawe yaliyokatwa barabara ya magari ilipochimbwa kwenye mwamba ule ule wa kisima. Akachagua jiwe jeusi, bapa, zuri la kupendeza. Alilielekezea kishikwambi. "Basalti," alisema Msomaji. "Uhakika asilimia tisini na tisa." Vibarua wawili walilibeba, naye akawatangulia kwa madaha ya mtu anayepeleka mahari.

Mwenye ua aliitwa Atupele, mama wa bibi harusi, mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, mwenye unga mpaka kwenye nyusi na kazi nyingi kuliko mikono. Alishukuru kama inavyopasa. Kisha akachukua jiwe lake dogo la mkononi, akaigonga zawadi mara moja. Jiwe lilitoa mlio mwembamba, safi, uliokwenda mpaka kwenye migomba ukarudi.

Wanawake waliinamisha vichwa ili wasimcheke mgeni usoni.

"Ndaga, mama, asante," alisema Atupele. "Lakini hili linalia."

"Linalia vipi?"

"Si umesikia? Jiwe linalolia halisagi. Linameguka vipande, unawatafunisha watu mchanga." Akaligonga lake la kusagia, likatoa kishindo kifupi kilichofia hapo hapo. "Hili langu limenyamaza. Tena lina vitundu, vinang'ata ulezi. Hilo lako tutalipeleka kanisani likawe kengele."

Hapo walishindwa kujizuia, wakacheka, na Subilaga akacheka kuwapita wote. Alicheka mpaka akashika kiuno. Halafu kicheko kikamkatikia katikati.

Mwaka wa kwanza wa chuo, mwalimu mmoja mwenye kikohozi aliwahi kuwafundisha kwamba mlima mmoja wa volkano unaweza kuzaa mawe mawili meusi yanayofanana kama pacha. Moja ni basalti. Lingine ni fonolaiti, na jina hilo limetokana na mlio wake. Kwa macho mtu anaweza kuyachanganya, lakini ndani hayana undugu. Basalti ina kalsiamu, magnesiamu na chuma kwa wingi, na hivyo ndivyo vinavyoikamata hewaukaa na kuifanya jiwe. Fonolaiti ina kalsiamu kidogo mno. Ukiisukumia hewaukaa haitaikamata. Itaiacha ipite kwenye nyufa, itafute njia ya kutoka.

Alimwomba nyundo fundi aliyekuwa anajenga jukwaa. Akampigia Atupele magoti, akamwomba ruhusa ya kumega kipande kwenye pembe ya jiwe lake la kusagia. Atupele alisita, maana jiwe lilikuwa la mama mkwe, kisha akasema amege upande wa nyuma.

Jiwe la Atupele lilivunjika kwa ukaidi. Ndani lilikuwa jeusi lililofifia, zito mkononi, na chembe zake zilikuwa ndogo kiasi kwamba jicho halikuzitenganisha, isipokuwa punje chache za kijani. Vitundu vyake vilikuwa alama za mapovu ya gesi iliyotoroka wakati lava ilipokuwa bado uji. Subilaga alifungua mkoba wake, akasogeza kifungo cha sumaku. Kiling'ang'ania jiwe. Hiyo ilikuwa basalti, haikuwa na shaka wala haikuhitaji mashine.

Kisha akapiga zawadi yake. Lililia, likapasuka vigae bapa. Ndani lilikuwa na weusi wa kijivujivu wenye kung'aa kidogo, kama lililopakwa mafuta. Halikuwa na kitundu hata kimoja. Sumaku iligusa ikaanguka kwenye unga.

Hofu ilimshika, na pamoja na hofu, aone haya au asione, alishikwa na furaha. Miaka tisa alikuwa hajavunja jiwe kwa mkono wake! Alikuwa amesahau harufu ya jiwe linapopasuka, ile inayofanana na ya kiberiti.

Lakini Msomaji aliwezaje kukosea? Aliwahi kuona mawe elfu moja mia moja na arobaini na sita. Subilaga alimuuliza Atupele, taratibu, kama aliwahi kuwapa mawe watu wa mradi.

"Miaka tisa iliyopita, ndiyo. Vijana walikuja nyumba hadi nyumba wakiomba mawe meusi."

"Mkawapa yapi?"

Atupele alimtazama kama aliyeulizwa swali la kipumbavu. "Mgeni amefika kwako anaomba jiwe, utamwokotea la njiani? Tuliwapa mawe ya kusagia ya mama zetu."

Subilaga alikaa chini, hapo hapo kwenye unga. Alikuwa mtoto wa milima hiyo, alipaswa kujua. Katika nchi ambayo mgeni hapewi kitu kilichookotwa, vijana wake walikuwa wamebeba mawe ya kusagia kutoka Tukuyu hadi mpakani, na kila moja lilikuwa limegongwa na kusikilizwa na mwanamke kabla ya kuingia nyumbani. Yaliyolia yaliachwa porini vizazi vingi. Msomaji hakuwahi kufundishwa jiwe linalolia. Kwake yeye, kila jeusi lilikuwa basalti.

2

Mkuu wa kituo, Lwitiko Mwambeta, alikuwa ofisini anafunga tai. Walisoma pamoja, walianzisha mradi pamoja, na kila mmoja alikuwa msimamizi katika harusi ya mwenzake. Subilaga aliweka vigae viwili mezani, akavigonga, akaeleza yote kwa pumzi moja. Lwitiko hakubisha. Alivigonga mwenyewe mara tatu, akafungua tai.

Alikubali kwamba Lubwe haiwezi kufunguliwa leo. Hilo alisema bila kusukumwa, na Subilaga akamshukuru Mungu kwa rafiki mwenye akili. Watatangaza kwamba koki imeharibika. Mgeni rasmi atakula wali wake, atapiga picha, atarudi mjini. Vigae vitapelekwa maabara kimya kimya, na baada ya siku kumi na moja wataujua ukweli bila kelele.

"Na vile arobaini na kimoja?" aliuliza Subilaga.

Vile vinafanya kazi, alisema Lwitiko. Hakuna aliyelalamika. Na yeye Subilaga anajua vizuri kuliko mtu yeyote kitakachotokea akimfundisha Msomaji jiwe jipya, kwa sababu sheria hiyo aliitunga mwenyewe: Msomaji akipata somo jipya, husoma upya mwamba wa kila kisima, na wakati anasoma hufunga koki zote. Chenye shaka hakifunguki tena mpaka maabara iseme. Huwezi kumfundisha kwa ajili ya Lubwe peke yake. Ama ajue kote, ama asijue.

Hapo ndipo penyewe. Maji ya moto yaliyorudi kutoka visimani ndiyo yaliyoendesha mitambo ya umeme, na umeme huo ulilisha hospitali mbili za bondeni. Asubuhi ile, kwa taarifa iliyokuwa mezani, kulikuwa na vichanga kumi na wawili kwenye vitanda vya joto. Betri za hospitali zingedumu saa tano tu.

"Unataka kuzima umeme wa vichanga kwa sababu ya mlio wa jiwe," alisema Lwitiko. Hakusema kwa ukali. "Na kama umekosea, Subi? Nani atamwamini Msomaji tena? Nani atakuamini wewe?"

Neno hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa la kweli. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye kila kisima. Aliwaza siku kumi na moja, si nyingi. Aliwaza uongo mdogo wa koki, jinsi ulivyokuwa laini na usivyomdhuru mtu wa Lubwe hata mmoja. Angeweza kuusema na kulala usingizi. Kisha akawaza kwamba hewaukaa haina rangi wala harufu, ni nzito kuliko hewa, na ikipata ufa hushuka na kujaa mahali pa chini, bondeni, walipojenga watu. Kama haijalalamikiwa, si ajabu. Wanaoivuta hawabaki na pumzi ya kulalamika.

"Wewe ungekuwa unakaa kwenye kreta," aliuliza, "ungetaka nisubiri siku kumi na moja?"

Lwitiko alitazama dirishani.

"Usiniulize mimi," alisema. "Nikijibu kama mkuu wa kituo nitakwambia subiri. Nikijibu kama Lwitiko, utakuwa umeshaondoka."

Subilaga alikwisha kushika kitasa.

3

Kumfundisha Msomaji kulihitaji sauti ya mwalimu wake na mawe matano yasiyopungua, kila moja na sababu yake. Ilikuwa saa sita kasoro. Subilaga alirudi uani mbio, viatu mkononi, akawaambia wanawake anachotaka.

Hakuhitaji kusema mara mbili. Waliacha kimea juani, jambo ambalo Atupele alilikumbushia baadaye kwa miezi, wakatawanyika mlimani. Mlima wote ukaanza kugongwa! Kwenye makorongo, kwenye mipaka ya mashamba, nyuma ya choo cha shule, kila mahali mawe yalilia na kunyamaza, na sauti za wanawake zikapokezana: hili, hili siyo, lile la jirani ndilo. Bibi harusi mwenyewe alikuja na jiwe kifuani, nywele zikiwa nusu zimesukwa nusu bado. Walirundika mawe kumi na saba. Subilaga alicheka na kukimbia huku na huku na kuwaza, laiti wangeanza hivi miaka tisa iliyopita.

Aliweka kishikwambi juu ya kinu kilichopinduliwa. "Msomaji, nina somo."

"Nasikiliza, Mwalimu."

Atupele aligonga la kwanza. Mwanga ulilipapasa wakati mlio bado unaelea.

"Naona basalti," alisema Msomaji.

"Si basalti. Sikiliza mlio. Tazama linavyopasuka vigae, halina vitundu, halishiki sumaku. Linaitwa fonolaiti. Sasa sikiliza hili." Atupele akagonga lake la kusagia. "Hilo ndilo basalti."

La pili, la tatu. Kwenye la nne Msomaji alichelewa kujibu. Kwenye la sita alisema, kabla hajaambiwa, "Fonolaiti." Wanawake wakapiga vigelegele, kana kwamba mtoto wa ukoo amefaulu mtihani. Akapewa la saba, wakamtega kwa basalti isiyo na vitundu, naye hakutegeka. Kwenye la kumi na saba alisema bila kusita, kisha akauliza:

"Mwalimu, yapo mawe niliyoyataja kabla sijajua hili. Je, nisome upya?"

Wanawake hawakujua uzito wa swali, lakini waliona uso wa Subilaga.

Subilaga aliona vichanga kumi na wawili. Aliwaona wazi, na vikofia vyao vya sufu. Aliona jina lake likifutwa kwenye vibao. Hakuwa na hakika. Kitu alichokuwa nacho ni mlio, sumaku ya mkoba, na neno la mwanamke mwenye haraka ya harusi. Alitamani mtu mwingine ajibu. Mficha uchi hazai, mama yake alizoea kusema, na kwa miaka yote aliuona msemo huo kuwa wa watu wengine.

"Soma," alisema.

Juu ukingoni mabomba yaliguna yakanyamaza. Kwenye ramani ya kishikwambi nukta arobaini na mbili zikawa kijivu zote kwa pamoja. Honi ya gari ilisikika kituoni: Lwitiko alikuwa amepakia jenereta ya kituo na kushika njia ya hospitali mwenyewe, tai mfukoni, bila kumuaga mtu.

Nukta zilianza kurudi. Kijani. Kijani. Basalti, basalti, basalti. Kila moja iliporudi Subilaga alishusha pumzi na kuuma mdomo, maana kila ya kijani ilimwambia pia kwamba labda amezima umeme bure. Ishirini. Thelathini na mbili. Mtambo wa hospitali ya kwanza ukawaka, kisha wa pili, na wanawake wakamshangilia bila kujua wanashangilia nini. Thelathini na tisa zikawa za kijani, na Lubwe ikawa nyekundu, kama alivyotarajia.

Zilibaki mbili. Moja iliwaka nyekundu, kisima kilichochimbwa mwezi uliopita msituni, mbali na nyumba, na kilichokuwa kimefunguliwa nusu tu. Nyingine ilikaa kijivu muda mrefu.

"Kyimbwa," alisema Msomaji. "Mita mia nne na sitini za fonolaiti. Niliiita basalti. Kisima hiki kimefanya kazi miezi kumi na minne."

Kyimbwa ilikuwa kreta pia, ndogo na yenye kina, ng'ambo ya mlima. Subilaga alimpigia kwa kishikwambi mlinzi wa kisima, kijana aliyeitwa Ipyana, ambaye nyumba yake na za ndugu zake zote zilikuwa chini bondeni. Ipyana alipokea kwa furaha, akauliza habari za sherehe. Subilaga alimuuliza kama kuna jambo lolote geni huko.

"Hakuna, mama. Kengele ya kisima haijalia hata siku moja."

"Kengele iko juu, kwenye upepo. Nakuuliza chini, nyumbani."

"Nyumbani salama. Kuku tu ndio wamekufa wiki hii, karibu wote. Tunadhani ni mdondo." Alifikiri kidogo. "Na jana mbwa. Alilala shimoni kwenye migomba, hakuamka. Na leo mama mkwe anasema kichwa kinamgonga, amejilaza."

Kuku kwanza, kwa sababu wako chini. Kisha mbwa. Kisha mtu aliyelala. Subilaga aliisikia sauti yake mwenyewe ikitoka tulivu, akashangaa ni ya nani.

"Ipyana, nisikilize, usiniulize kitu. Toa watu wote bondeni sasa hivi. Watoto wabebwe mabegani. Mama mkwe abebwe. Mtu asiiname kuokota chochote, hata kiatu. Pandeni mpaka kwenye mapangaboi. Na simu usiikate."

Hakuikata. Wanawake wa Lubwe walisogea wakakizunguka kishikwambi, na wote wakasikia: Ipyana akipiga kelele, milango, mtoto akilia, mtu akibishana kuhusu sufuria iliyo jikoni na kukaripiwa. Wakasikia miguu kwenye kokoto. Wakasikia mwanaume akihema chini ya mzigo na sauti ya mwanamke mzee mgongoni mwake ikilalamika kwamba anatikiswa. Atupele alikuwa amemshika Subilaga mkono, na alikuwa anaubana kwa nguvu zile zile za kusagia. Kupanda kulichukua dakika kumi na tisa.

"Tumefika," alisema Ipyana. Upepo ulivuma kwenye simu. "Tuko thelathini na wanne. Wote. Nimehesabu mara mbili."

Machozi yalimtoka Subilaga, hakuyafuta. Akamshukuru Mungu kwa sauti, na Atupele hakuuachia mkono wake.

"Hesabu tena," alisema. "Kwa majina."

Ipyana hakuuliza kwa nini. Akaanza na mtoto mdogo kuliko wote, naye Subilaga akasikiliza majina yote thelathini na manne, mpaka la mwisho.